Chemchemi ya Mikuyuni

Kidawa alipochota maji mtungini asubuhi ile, aliyakuta ya moto. Si moto wa kuunguza, bali vuguvugu, kama pumzi ya mtu aliyelala karibu nawe. Aliyamwaga uani, akausugua mtungi kwa mchanga, akaujaza upya na kuurudisha mahali pake nyuma ya mlango, penye ubaridi. Adhuhuri, baada ya kuswali, alichota tena. Maji yalikuwa vuguvugu vilevile, na juu yake lilielea jani bichi la mkuyu.

"Agnes!" aliita. "Hebu njoo mwanangu."

Agnes alikuwa mpangaji wake wa chumba cha uani, mwalimu wa shule ya msingi, mwenyeji wa upande wa Masasi. Alikuja na chaki bado vidoleni.

"Umefungua mtungi leo?"

"Hapana, bibi. Ndiyo kwanza natoka shuleni." Alilitazama lile jani. "Labda upepo."

"Upepo gani unaofunua kifuniko na kukifunika tena?"

Agnes alilitoa jani majini. Na Kidawa hakumwambia lililomtisha: kwamba mtaa ule haukuwa na mkuyu hata mmoja. Mikuyu ilikuwa mahali pamoja tu, na hiyo ya huko ilikuwa imekwisha kukatwa.

Mahali hapo paliitwa Mikuyuni, bonde dogo lililotelemka kutoka nyuma ya mji wa Lindi kuelekea ufukoni. Enzi za Waingereza sehemu ya juu ilikuwa bustani yao. Waliizungushia uzio, wakapanda majani ya kukatwa kwa mashine, wakajenga uwanja wa tenisi na kuweka viti vya mbao chini ya mikrismasi. Mwafrika aliingia humo akiwa ameshika reki au sinia ya chai. Sehemu ya chini ilikuwa msitu wa mikuyu, na katikati ya msitu palikuwa na chemchemi. Ardhi hiyo ya chini ilikuwa ya ukoo wa kina Kidawa, watu wa asili ya Kimwera walioshuka pwani zamani wakasilimu. Kwao ardhi ilifuata upande wa kike. Mama alimwachia binti, binti akamwachia wake. Mama yake Kidawa alizikwa palepale, hatua chache kutoka kwenye maji.

Chemchemi ilikuwa na mwenyewe. Mabibi walimwita Mwenyeji, na jina lake la kweli hawakulitamka. Hawakumwabudu, maana anayeabudiwa ni Mungu peke yake, lakini walisema mtu haingii nyumba ya mwenzake bila kupiga hodi. Kila mwaka kabla ya kupanda, mwanamke mkubwa wa ukoo alishuka na ubani, maji ya waridi na mkate wa mchele, akaviacha kwenye mizizi ya mkuyu mkubwa, akaondoka bila kugeuka nyuma. Hakuna aliyekata tawi pale. Na maji hayakukauka hata ule mwaka wa njaa kuu, wanawake wa mji mzima walipokuja kuchota kwa zamu.

Uhuru ulipokuja, uzio wa Wazungu uling'olewa. Halmashauri ikaamua kuiunganisha bustani ya juu na msitu wa chini, mji upate bustani kubwa ya wananchi. Watu walijitolea. Jumamosi kwa Jumamosi walishuka bondeni na majembe, wakiimba, na Kidawa alikuwa mstari wa mbele, karai la mchanga kichwani, akiwatania vijana waliochoka mapema. Aliipenda bustani ile. Mara ya kwanza alipokaa kwenye kiti cha mbao ambacho baba yake alikuwa akikipiga rangi tu, alilia na kucheka kwa pamoja.

Kwenye mkutano alisimama, akatoa sehemu kubwa ya ardhi ya mama yake mbele ya kila mtu. "Chukueni uwanja," alisema. "Chukueni njia, wekeni viti, watoto wacheze. Ila chemchemi, mikuyu yake na kaburi la mama yangu msiviguse."

Aliyesimama kumjibu alikuwa ndugu yake, Fakihi, aliyekuwa ameteuliwa msimamizi wa bustani. "Ndugu wananchi," alisema, "mimi ndiye nitakayelinda neno la dada yangu. Wallahi, jembe halitafika pale maadamu niko hai." Watu wakapiga makofi.

Fakihi alifiwa na mama akiwa bado anatambaa. Kidawa alimbeba mgongoni mpaka wageni wakadhani ni mwanawe wa kwanza. Alimtafunia chakula, akamsomesha kwa kuuza ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, sokoni, akamwozesha. Alipomsikia akiapa mbele ya mji, kifua kilimjaa.

Miaka ikapita, bustani ikapendeza. Njia zilipangwa mawe meupe kando, michongoma ikakatwa ikanyooka, bembea zikawekwa. Sikukuu ya Saba Saba ngoma zililia pale toka asubuhi. Fakihi akawa mtu wa kutajwa. Wageni wa serikali walipofika Lindi walipelekwa Mikuyuni, na yeye ndiye aliyewatembeza, kalamu mfukoni, akionyesha kwa kidole.

Mwaka uliofuata Azimio la Arusha, ikaja mipango mikubwa zaidi. Ilitakiwa jukwaa la ngoma, na bwawa la saruji lenye bomba la kurusha maji juu. Kidawa hakuwepo. Binti yake Kazija alikuwa ameolewa Likawage, na masika hiyo alikuwa anatarajia kujifungua. Kidawa alikwenda kumuuguza, mvua ikakata barabara, akarudi Lindi mikorosho ikianza kutoa maua.

Alishuka bondeni hata kabla ya kufungua mzigo. Pale palipokuwa na giza la kijani, jua lilikuwa linapiga kwenye saruji mpya. Mikuyu ilikuwa magogo. Bwawa la mviringo lilikuwa limekaa juu ya jicho la chemchemi kama kifuniko cha chungu, na jukwaa lilikuwa limejengwa pale hasa palipokuwa na kaburi.

"Amri ilitoka juu, dada," Fakihi alimwambia, macho chini. "Mimi ni nani?"

"Uliapa."

"Niliapa. Ningefanyaje?"

"Na mama?"

"Mama tulimhamisha kwa heshima zote. Yuko makaburi ya juu. Ijumaa nitakupeleka."

Ijumaa ilifika, Fakihi hakutokea. Kidawa alikwenda peke yake, akatembea baina ya makaburi mpaka jua likamchoma, asione kaburi jipya hata moja. Akarudi nyumbani, akakaa kitandani, akajiambia kwamba hakuna tena ambacho ndugu yake angeweza kumfanyia zaidi ya hicho. Jumatatu yake ndipo maji ya mtungi yalipokuwa ya moto.

Baada ya maji ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya kuyu zilizoiva zikaoza, imechanganyika na maji ya waridi, nayo ilikaa chumbani mwa Kidawa tu. Ukivuka kizingiti inakatika. Kisha sauti. Mchana, mtaa ukiwa umelala kwa joto, mtu alisikika akinywa maji nyuma ya mlango kwa mikupuo mirefu, bila kupumua, kama aliyetoka safari ya mbali. Ukienda kutazama, mtungi umefunikwa na kata imelala juu yake. Ila maji yamepungua.

"Bibi," Agnes alimnong'oneza jikoni, "nami nimeyasikia. Tukalale kwa rafiki yangu Rosalia, angalau juma hili."

"Nihame nyumba yangu kwa sababu ya kitu kinachokunywa maji?" Kidawa alijibu, lakini naye alinong'ona.

Siku ya pili yake alikuwa amejinyoosha kitandani baada ya adhuhuri. Akasikia sauti ya Fakihi uani. "Dada, hodi."

"Karibu," alisema kwa uchovu.

Hakuingia mtu. "Dada, hodi," sauti ikarudia, na safari hii haikutoka uani, ilitoka ukumbini. Kidawa akainuka, akavaa kandambili zake, na alipoukaribia mlango ile sauti ikasema tena dada hodi kwa upole uleule aliokuwa nao Fakihi alipokuwa mtoto mwenye homa akitaka kubebwa, nayo ilitoka chini, nyuma ya mlango, ndani ya mtungi uliofunikwa, na miguu ya Kidawa ikaanza kwenda yenyewe huku moyo wake ukimpigia kelele isiende, na mkono wake ukafunua kifuniko huku yeye akiutazama kama mkono wa mtu mwingine, na mle ndani, kwenye maji yaliyotulia, hakuona uso wake bali majani, majani mengi mabichi na anga nyuma yake, kana kwamba alikuwa amelala chali chini ya mkuyu ambao haukuwepo tena, na katikati ya majani mtu alikuwa akiinama kumtazama.

Agnes alimkuta amepiga magoti, kichwa chote ndani ya mtungi, akinywa. Tumbo lilikuwa limejaa kama la mja mzito na bado alikuwa anakunywa. Agnes alimshika mabega akamvuta kwa nguvu zake zote. Kidawa aligeuka, maji yakimtiririka, na macho yake yalikuwa hayapepesi.

"Niache," alisema kwa sauti ya mwanamke mzee sana, iliyotulia. "Huyu ni wangu. Sikumwiba. Nimepewa."

Agnes alifanya ishara ya msalaba, akatoka mbio bila viatu.

Aliyemsaidia kumlaza Kidawa alikuwa Pazi, mkata miti wa bustani, aliyekuwa akipita mtaani. Kidawa alipozinduka alimkuta ameketi mlangoni, shoka lake amelilaza nje, amejiinamia.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Mbona unalia, Pazi?"

Alijifuta uso kwa kiganja. "Tulipewa kazi ya kuukata ule mkuyu mkubwa. Shoka liliruka kama limepiga jiwe. Tulijaribu na wenzangu, mipini ikavunjika, mmoja akajikata mguu. Bwana Fakihi akaja, akatuambia tukapumzike. Mimi nilikuwa nimesahau kofia yangu, nikarudi." Alilitupia jicho shoka lake. "Nilimkuta amepiga magoti kwenye maji. Ana chetezo cha ubani. Ana kanga, ile yako ya kisutu uliyokuwa ukivaa Jumamosi za kujitolea. Alikuwa anaichovya majini. Nikamsikia anasema, 'Niachie mti, uchukue wa tumbo la mama yangu.'"

Agnes aliziba mdomo kwa mkono. Kidawa aliinuka polepole, akafungua sanduku lake la nguo, akapekua mpaka chini. Kanga ya kisutu haikuwemo. Ufunguo wa pili wa nyumba ile, tangu siku zote, ulikuwa kwa Fakihi.

"Tuliporudi," Pazi alimalizia, "mti ulianguka kwa mapigo machache. Kama mgomba."

Jioni ileile Kidawa alikwenda kwa ndugu yake, Agnes akimshika mkono. Fakihi alipomwona mlangoni alijua. Hakukana. Alianguka miguuni pake, akazishika nyayo zake, akalia kama alivyolia utotoni.

"Nilisema maneno tu, dada. Sikujua kama yanashika. Walikuwa wananihimiza, wakubwa wanasubiri, nikasema wataniondoa, watamweka mwingine..."

"Na mama yuko wapi?"

"Chini ya jukwaa. Hatukumgusa. Hapakuwa na muda."

Kidawa alifumba macho. "Vunja lile bwawa," alisema. "Funua jicho la maji. Nenda kamwombe radhi Mwenyeji kwa mdomo ule uliomwahidi. Mengine nitakusamehe."

"Kesho," Fakihi alisema. "Wallahi kesho alfajiri naanza mwenyewe kwa nyundo."

Na Kidawa, ambaye angepaswa kujua, aliamini. Alimfuta machozi kwa ncha ya kanga yake. Njiani alimwambia Agnes, "Ameteleza. Lakini ni yuleyule niliyembeba."

Kesho yake Agnes alipitia bustanini akitoka shule. Alirudi nyumbani akasimama uani, hajui aanzie wapi.

"Sema, mwanangu."

"Hawavunji, bibi. Wanapaka chokaa. Bwana Fakihi yupo, anawatembeza wageni. Nimemsikia akiwaambia uzinduzi ni Jumapili."

Kidawa alikaa chini palepale alipokuwa. Kutoka nyuma ya mlango, mbele ya macho ya Agnes, mchana kweupe, kata ilijiinua, ikaingia mtungini, na sauti ya kunywa ikaanza.

Agnes, Mkristo wa kubatizwa, ndiye aliyepanda basi kwenda Mchinga kumleta Bi Mwahija. Mganga huyu alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, mwenye minazi na wajukuu, na watu walimwendea kwa mambo haya kutoka mbali. Alifika, akanusa hewa ya ukumbini, akauzunguka mtungi bila kuugusa.

"Jini aliyejiingiza mwenyewe hufukuzwa," alisema. "Huyu amekaribishwa. Huyu ni wa kuongea naye tu. Na aliyemkaribisha lazima awepo."

"Hatakuja," Kidawa alisema.

"Atakuja. Mwambieni asipokuja, nitamfuata uzinduzini na chetezo changu, mbele ya wageni wake."

Fakihi alikuja asubuhi ya Jumapili, amevaa suti mpya ya kola fupi, ya uzinduzi. Alikaa ukingoni mwa mkeka kama mtu aliyepita njia. Kutoka bondeni zilisikika ngoma zikijaribiwa. Bi Mwahija alifunga madirisha, akatia udi na ubani makaani, akamfunika Kidawa shuka jeupe, akaanza kusoma kwa sauti ya chini, Pazi akipiga kitutu, kingoma kidogo, na Agnes ameketi kwenye kona akiwa ameshika rozari bila kuisali. Moshi ukajaa. Chini ya shuka mabega ya Kidawa yakaanza kutikisika, polepole, kisha kwa nguvu, kisha yakatulia ghafla, na harufu ya kuyu zilizooza ikaufuta udi wote.

"Asalaam alaykum," alisema Bi Mwahija.

"Nyumba yangu imezibwa," ilijibu ile sauti ya kale. "Sina pa kukaa. Nimepewa hii."

"Nani kakupa?"

Shuka jeupe liligeuka upande wa Fakihi.

Bi Mwahija alimtazama Fakihi. "Umesikia. Sema mbele yake kwamba unalirudisha neno lako, na leo hii, kabla ya jua kuzama, utavunja ulichojenga juu ya nyumba yake. Sema, dada yako ainuke."

Fakihi alifungua mdomo. Ngoma za bondeni zikashika kwa pamoja, nzito, na watu wakasikika wakishangilia. Magari ya wageni yalikuwa yanaingia. Alifunga mdomo. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni likilowesha kola mpya.

"Mbona kimya, Fakihi?" alisema Bi Mwahija.

"Ile ni mali ya umma," alisema kwa sauti ndogo. "Si yangu kuivunja. Watu wote wameitolea jasho. Nitaanza kuivunja leo, mbele ya wageni? Nitasema nini?" Akasogea kwenye mkeka kuelekea mlangoni. "Uzinduzi ukipita, tutaona. Mpeni dawa kwanza. Kuna hospitali. Mpelekeni hospitali."

Chini ya shuka kukasikika kicheko, kisha kikakatika. Shuka likavutwa kwa ndani. Uso wa Kidawa ukatokea, umelowa, umechoka, lakini macho yalikuwa ni yake, na sauti iliyotoka, ikivunjikavunjika kama ya mtu anayepanda mlima huku ameshikwa miguu, ilikuwa yake.

"Mwenyeji," alisema. "Nisikilize mimi. Mimi ndiye ninayeleta mkate wa mchele. Ardhi ile niliachiwa mimi, na bibi kabla ya mama, na bibi wa bibi. Kwetu tumbo ni la wanawake. Mwanamume hutoka tumboni, hagawi tumbo. Huyu alikupa kisicho chake."

Moshi ulisimama hewani. Pazi aliacha kupiga kitutu. Midomo ya Kidawa ilisogea tena, na safari hii ilikuwa ile sauti nyingine, taratibu, kama inayofikiri.

"Basi aliyetoa kisicho chake, atatoa kilicho chake."

Bi Mwahija aliinama karibu na sikio la Kidawa. "Umesikia alivyosema? Neno hili ni zito, mwanangu. Likithibitishwa halirudi. Unalithibitisha?"

Kidawa alimtazama ndugu yake. Alimwona mtoto mwenye kamasi aliyelala mgongoni mwake sokoni. Alimwona kijana wa arusi. Kama Fakihi angemtazama wakati ule, kama angesema neno moja tu, hata la uongo, Kidawa angekataa. Fakihi alikuwa anautazama mlango. Mkono wake ulikuwa umeshika komeo.

"Nalithibitisha," alisema Kidawa.

Fakihi alitoka, mlango ukabaki wazi, na upepo wa baridi wenye harufu ya majani ukapita ukumbini toka ndani kwenda nje, ukamfuata mtaani. Nyuma ya mlango mtungi ulipasuka. Kidawa alilala palepale mkekani, akalala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu Likawage, na Agnes akampepea mpaka jioni.

Uzinduzi ulifana. Fakihi alihutubia, alishangiliwa, maji yaliruka juu, watoto wakapiga kelele za furaha. Wageni walipoondoka alibaki kusimamia usafi. Watu walisema, bwana yule anaipenda kazi. Siku iliyofuata bado yupo. Alionekana akizunguka njia za mawe meupe toka mwanzo hadi mwisho, akifika langoni anageuka. Mkewe alimpelekea nguo, akamkuta amekaa ukingoni mwa bwawa, hataki kuzungumza. Baada ya muda mke akafunga mizigo akarudi kwao.

Kisha Pazi alikuja kumwita Kidawa. "Anasema umvute."

Alikwenda. Fakihi alikuwa amesimama ndani ya lango, amekonda, suti ya uzinduzi imemning'inia kama imeanikwa. Lango lilikuwa wazi. Watu walikuwa wakiingia na kutoka.

"Dada, nivute. Miguu haitaki. Nikifika hapa inarudi."

Kidawa alimshika mikono miwili akavuta. Alipovuka nusu ya kizingiti Fakihi alipiga ukelele ambao uliwafanya watu wageuke toka mbali, na maji yakaanza kumtoka mdomoni na puani, maji mengi, ya vuguvugu, yenye majani. Kidawa alimwachia. Alirudi nyuma ndani ya bustani akikohoa, na walitazamana.

Halmashauri ilimjengea kibanda karibu na jukwaa. Ikamsifu kwenye mkutano kwa kujitolea kuishi kazini. Miti ilikua. Maharusi walikuja kupiga picha kando ya bwawa, ambalo halikukauka hata bomba za mji zilipokauka, na watoto wa shule ya Agnes waliletwa kuimba pale. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, lori kwa lori. Mitaa mingine ikabaki mitupu. Fakihi hakuhamishwa. Akawa anaitwa Mzee wa Bustani, na waliozaliwa nyuma yake walidhani amekuwepo siku zote.

Kidawa hakuwahi kukanyaga tena ndani. Lakini kila alipopika samaki wa nazi, au alipopata ming'oko mizuri, alishuka na bakuli, akasimama nje ya lango, akaita. Kina Agnes walimuuliza kama amesamehe. "Sijui," alisema. "Ni mtu wa tumbo moja. Atakula nini?" Wakati mwingine alilia akirudi, na hakuweza kusema analia kwa aliyofanyiwa au kwa aliyofanya.

Fakihi alikuwa akija, akipokea bakuli, akisema "Shikamoo, dada" bila kuinua macho. Hawakuwahi kusema zaidi ya hapo. Mvi zilimjaa. Mikono yake ikawa na mikunjo ya mtu aliyekaa sana majini.

Alasiri moja Kidawa aliita, Fakihi akaja kwa mwendo mwepesi kuliko kawaida. Nywele zilikuwa zimelowa. Harufu ya waridi ilitangulia. Alipokea bakuli kwa mikono miwili, na vidole vyao vilipogusana Kidawa aliona ubaridi ukimpanda mpaka begani. Hakumwamkia. Aliinua uso, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka ile yote alimtazama dada yake moja kwa moja, bila aibu, bila kupepesa.

"Fakihi?" Kidawa alisema.

Mdomo wa ndugu yake ulitabasamu. Nyuma yake watoto walikuwa wakicheza bembea, na mama mmoja alikuwa akimnyonyesha mwanawe kivulini.

"Yeye amechoka, amelala," ilisema sauti ya mwanamke mzee sana, kwa upole. "Mbona unasimama nje kila siku kama maskini? Ingia. Hii ni bustani ya watu wote."